Sauti Ngeni na Mizani ya Kiswahili: Jinsi Watunzi wa Pwani Walivyozisikiliza Nyimbo za Watu Wengine

Neno mtunzi katika lugha yetu limebeba mizigo miwili. Mtunzi ni yule atungaye maneno ya shairi, na mtunzi ni yule vilevile atungaye sauti ambayo kwayo shairi huimbwa. Lugha nyingine huwatenga watu hao wawili zikampa kila mmoja jina lake. Kiswahili kimewaita kwa jina moja, nalo limetokana na kitenzi kitumikacho kwa ushanga na kwa samaki, yaani kupitisha uzi katika vitu vilivyokuwa mbalimbali hata vikawa kitu kimoja. Neno sauti nalo lina tabia hiyo hiyo. Ni sauti itokayo kooni, na ni ule mpangilio wa kupanda na kushuka ambao wengine huuita mahadhi au lahani, na ambao watu wa taarabu wameuita pia tuni. Mtu wa Mvita akiuliza, "Shairi hili lina sauti gani?" haulizi habari za koo la mwimbaji.

Nimeanza na maneno haya kwa sababu yatatufaa katika kulipima jambo ambalo kwa muda mrefu limehukumiwa kwa haraka. Hukumu yenyewe ni hii: kwamba watunzi wa taarabu wa Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga walizichukua sauti za Misri, kisha za Uhindi, kisha za Kuba na Kongo, kwa kuwa hawakuwa na zao. Wako waisemao kwa dharau. Wako pia waitetei taarabu kwa kuuficha ukopaji huo, wakadai kwamba kila sauti ilizaliwa hapa hapa. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimeusahau mlango ambao kila sauti ngeni ililazimika kuupita kabla ya kukubaliwa kuwa wimbo wa Kiswahili. Mlango huo ni mizani. Katika kurasa zifuatazo nakusudia kueleza kile ambacho watunzi walikisikia, kwa njia gani na katika miaka gani, na kile ambacho silabi zetu zilikifanyia walichokisikia.

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba ushairi wa pwani haukuwa wa kusomwa kwa macho. Utenzi wenye vipande vya mizani nane, shairi lenye ukwapi wa mizani nane na utao wa mizani nane, wimbo wa mishororo mitatu, ukawafi wenye mshororo wa mizani kumi na tano uliokatwa sita, nne na tano: kila bahari ilikuwa na sauti zake zilizojulikana, na mtu aliyetunga utenzi mpya hakutarajiwa kuubunia sauti mpya. Aliichukua iliyokuwako, akaijaza maneno. Sifa yake ilikuwa katika maneno, katika vina vilivyonyooka na fumbo lililofumbika. Basi tangu zamani, kutunga kwa sauti ya mwingine hakukuwa wizi wala uvivu. Ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Asiyelijua hili atashangazwa na mambo ya karne ya 20 kana kwamba yalizuka ghafula.

Hata vyombo vilikuwa vimekwisha kupita bahari kabla ya taarabu kuitwa taarabu. Gambusi, ambalo sehemu nyingine huitwa kibangala, ni chombo cha nyuzi chenye asili ya Yemen, nalo lilipigwa Unguja na Lamu kabla ya udi wa Kimisri kushika nafasi yake.

Habari za taarabu ya Unguja husimuliwa kuanzia kwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888. Barghash alikuwa mtu wa kusafiri, kwa hiari na bila hiari. Baada ya jaribio lake la mwaka 1859 la kumwondoa nduguye Majid alihamishiwa Bombay kwa muda, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Inasimuliwa kwamba aliwaleta wapigaji kutoka Misri ili wamburudishe katika jumba lake, kisha akampeleka Mzanzibari mmoja, Mohamed Ibrahim, Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, kilichojipa jina la wale wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, nacho kikaagiza vyombo kutoka Misri. Kwa miaka mingi lugha ya nyimbo katika mikusanyiko hiyo ilikuwa Kiarabu. Waliosikiliza walijua kwamba wamefurahishwa, na neno lenyewe la Kiarabu, tarab, ni hiyo furaha au msisimko wa moyo. Si wote waliojua wameambiwa nini.

Kwa mtu wa isimu hapa ndipo jambo linapoanza kunoga. Ushairi wa Kiarabu hupimwa kwa arudhi, elimu iliyopangwa katika karne ya 8 na al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa asili ya Omani aliyefanya kazi Basra. Kipimo chake ni silabi ndefu na silabi fupi. Irabu ndefu katika Kiarabu hubadili maana ya neno, kwa hiyo huwa ni kama kigingi ambacho mwimbaji anaweza kuifunga sauti yake na kuizungusha apendavyo, neno lisipotee. Kiswahili hakina kipimo hicho. Zile tuziitazo irabu ndefu, kama katika kaa au juu, ni silabi mbili zilizokaa pamoja, na katika ushairi kila moja huhesabiwa mizani yake. Sisi tunahesabu, hatupimi urefu. Hata m ya mtu na n ya nchi, zisizo na irabu, hudai haki yao ya mizani moja moja, na mtunzi asiyewapa haki hiyo hukosolewa na wazee.

Sasa tumtazame mtu aliyeisikia kasida ya Kimisri na akataka kuiimba kwa Kiswahili. Ile sauti ina noti ndefu zilizofumwa juu ya irabu ndefu za Kiarabu. Yeye anayo maneno yenye silabi fupi fupi nyingi, zote zikiishia kwa irabu, na mkazo ukikaa daima katika silabi ya pili kutoka mwisho. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kuivunja noti ndefu vipande vipande na kila kipande kukipa silabi. Hivyo wimbo ukawa mwepesi zaidi na wa maneno mengi kuliko mama yake. Ya pili, kuzigawa silabi kama zilivyo na kuuacha urefu wote uangukie mwisho wa kipande, penye kina.

Njia hii ya pili ndiyo iliyoshinda katika nyimbo nyingi, na sababu yake imo ndani ya lugha. Katika mazungumzo, silabi ya mwisho wa neno la Kiswahili haina nguvu. Tunasema tulizana kwa kuikazia za, na ile na ya mwisho hupita kama kivuli. Lakini kina cha shairi kimekaa hasa katika hiyo silabi isiyo na nguvu. Ili kina kisikike, uimbaji wa pwani ulikuwa umekwisha kuzoea, kabla ya Mmisri yeyote kufika, kuivuta silabi ya mwisho na kuipa uzito ambao usemi hauipi. Sikio la Mswahili lilikuwa limefunzwa kwamba mkazo wa wimbo si lazima ufuate mkazo wa neno. Kwa hiyo madoido ya Cairo yalipofika yalikuta mahali pa kukaa pameandaliwa. Lau lugha yetu ingekuwa na vina katika silabi yenye mkazo, nadhani historia ya taarabu ingekuwa nyingine.

Aliyeufungua mlango huu kwa watu wote ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, akaja mjini akiuza vyungu, akajifunza kuimba Kiarabu kwa kusikia, akaifikisha taarabu ya Kiswahili mahali ambapo kabla yake ilisikika ya Kiarabu. Wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert ulitolewa mwaka 1958 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, na wasomaji wa kurasa hizi hawahitaji kuelezwa thamani yake. Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenziwe, miongoni mwao mpiga udi Subeti Ambari, walikwenda Bombay wakatiwa katika sahani za santuri na kampuni ya His Master's Voice. Makampuni mengine yakafuata mkumbo katika miaka iliyofuata.

Tarehe hiyo ina jambo la kutazamwa. Mwaka huo huo wa 1928 ndipo mkutano wa Mombasa ulipoamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyotokana na uamuzi huo ikaanza kazi mwaka 1930. Sisemi kwamba wajumbe walizisikiliza sahani za Siti kabla ya kuamua. Nasema kwamba wakati maofisa walipokuwa wakibishana juu ya tahajia, Kiunguja cha mtaani, chenye kesi za mahakama, mauaji, mapenzi na masimango, kilikuwa kikisafiri ndani ya sanduku la santuri hadi katika mabaraza ya mikahawa ya miji ambayo kamati ingefika baada ya miaka mingi. Na kilisafiri juu ya sauti ambayo sehemu yake ilikuwa ya Kimisri. Historia ya usanifishaji wa lugha yetu imeandikwa mara nyingi kwa kutumia mafaili ya serikali. Santuri zimepewa nafasi ndogo mno.

Kuna kichekesho pia katika safari hiyo ya Bombay. Wanamuziki wa Unguja walivuka bahari kwenda Uhindi ili nyimbo za Kiswahili zenye sauti za Kiarabu zitiwe katika mashine ya kampuni ya Kiingereza. Baada ya miaka michache Uhindi nayo ilivuka bahari kuja Unguja.

Kabla ya kufika huko, tuitazame Misri yenyewe, maana wengi huizungumza kama kisima safi ambacho pwani ilikwenda kuteka maji. Mwaka 1932 Mfalme Fuad aliitisha mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo. Wataalamu wa Kizungu, Béla Bartók na Paul Hindemith wakiwamo, walikaa pamoja na mabingwa wa nchi za Kiarabu wakajadili kama ngazi ya sauti igawanywe katika robo zilizo sawa, na kama piano ikubaliwe kuwa chombo cha Kiarabu. Walioogopa kuharibika kwa muziki walikuwa wengi. Lakini nje ya ukumbi, Mohamed Abdel Wahab, aliyekuwa kijana mwenye jina kubwa, alikuwa akitunga nyimbo ambazo ndani yake mtu angeweza kuisikia tango na vipande vya muziki wa Ulaya. Filamu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1933, na baada yake filamu za nyimbo zilitapakaa kila mahali palipokuwa na jumba la sinema na wasikilizaji wa Kiarabu. Basi Mzanzibari aliyemwiga Abdel Wahab alikuwa akimwiga mtu aliyekuwa naye akisikiliza mbali. Kisima kilikuwa na mito mingi ikiingia.

Hali ya Uhindi ilikuwa hivyo hivyo. Filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitolewa mwaka 1931, na tangu hapo filamu bila nyimbo ikawa kama wali bila mchuzi. Kufikia miaka ya 1950 majumba ya sinema ya Unguja na Mombasa yalijaa watu wa kila kabila, na Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa hata na wasiojua neno moja la Kihindi. Mtunzi aliyetaka sauti ya filamu hakuwa na noti zilizoandikwa; alikwenda akatazama, akarudi akatazama tena, hata sauti ikamkaa kichwani. Kusikia kwa namna hiyo ni kazi. Na hao waliotunga nyimbo za filamu Bombay nao walikuwa wakisikiliza huku na huku: C. Ramchandra, katika Albela ya mwaka huo huo wa 1951, alichanganya midundo ya Amerika ya Kusini na ya Kihindi bila kuomba radhi.

Pamoja na filamu kilikuja chombo ambacho hata jina lake ni safari. Taishokoto kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912. Kikaenda Uhindi, kikapewa jina la huko, na Mombasa kikaingia katika taarabu kwa jina lake la Kijapani lililobanwa kidogo. Kina vibonyezo kama taipureta na nyuzi za kukwaruzwa, na mlio wake mkali uliifaa sana sauti ya filamu.

Sasa turudi kwenye mizani, kwa kuwa nyimbo za filamu zililitikisa shairi la Kiswahili zaidi ya kasida za Misri. Nitatumia mshororo nilioubuni mwenyewe kwa ajili ya mfano huu, nisije nikamsingizia mtunzi yeyote:

Moyo wangu tulizana, usifuate upepo.

Huu ni mshororo halali wa shairi, nane kwa nane. Tuseme mtunzi ameipenda sauti ya filamu ambayo kila kipande chake kina noti saba zilizo wazi, na yule mwimbaji wa Bombay hakuacha nafasi ya kuchomeka ya nane. Utao hauna taabu. Fuate inaweza kubanwa ikawa fwate, kama wasemavyo wengi, na usifwate upepo ni mizani saba. Ukwapi ndio wenye shida, kwa kuwa tulizana haibaniki. Mtunzi atasema tulia: moyo wangu tulia, saba kamili. Maana imebaki karibu ile ile. Lakini kina kimehama! Kilikuwa na, sasa ni a tupu iliyotanguliwa na irabu, na kwa kuwa kina cha kati lazima kirudi katika kila mshororo wa ubeti, basi noti moja iliyokosekana Bombay imemlazimisha mtunzi wa Mombasa kuitupa orodha yake yote ya tulizana, ungana, pendana na kuanza upya kwa tulia, lilia, sikia. Msamiati wa shairi zima umegeuka. Pengine na hoja yake.

Sauti ikiwa na noti kumi, kazi hugeuka ya kurefusha: ewe moyo wangu tulizana. Na hapa lahaja zilimfaa mtunzi kuliko kamusi sanifu. Anayeandika mwambie ana mizani tatu. Akisema muambie anazo nne. Nina ni mbili wazi, na n'na ya Mvita huponyoka katika pigo fupi ambalo nina isingelitoshea. Watunzi wa Mombasa na Lamu walikuwa na ghala ya maumbo mafupi na marefu ya neno lile lile, na walichota humo kadiri sauti ilivyodai. Mtu akizisoma nyimbo zao leo akaona umbo la Kimvita na la Kiunguja katika ubeti mmoja, asikimbilie kusema kwamba lahaja zimechanganyika kwa uzembe. Aitafute kwanza sauti.

Kuna jambo moja ambalo nalitoa kama dhana tu. Midundo miwili itumikayo zaidi katika nyimbo za filamu za Kihindi ni kaharwa, yenye mapigo manane, na dadra, yenye mapigo sita. Vipande vya mizani nane ndivyo vilivyo vingi zaidi katika ushairi wetu, na vya sita si vigeni, kama ajuavyo kila aliyezihesabu nyimbo za mizani kumi na mbili. Silabi moja haikai daima juu ya pigo moja, kwa hiyo hesabu hizi hazifanani kama pacha. Walakini mtunzi aliyelelewa katika nane na sita, akiingia katika jumba la sinema, alikuwa akisikia mzunguko ambao mwili wake uliujua. Huenda ndiyo sababu sauti ya Kihindi ilikubali maneno ya Kiswahili upesi hivyo, ilhali muziki wa kanisani wa Kizungu, uliosikika pwani kwa muda mrefu zaidi, haukuwavutia watunzi wa taarabu.

Bingwa wa njia hii ya Kihindi alikuwa Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014. Sauti zake nyingi zilitoka katika filamu, na koo lake liliweza kuyazunguka madoido ya Kihindi bila kujikwaa. Lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita iliyochapishwa mwaka 1971, mtu ambaye hakuna mhakiki aliyepata kumshuku kwa ulegevu wa vina. Tazama basi: sauti ya Bombay imekaa kifuani mwa mshairi mshikilia kanuni kuliko wengi wa zama zake, na kanuni haikuvunjika. Wale waliomwita Juma Bhalo mwigaji walisikiliza nusu ya wimbo.

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba njia zote zilikuwa sawa. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya kazi yake kubwa Mombasa na kufariki mwaka 2016, alishika njia nyingine. Yeye alikuwa mpiga udi kwanza. Aliyajua makamu ya Kiarabu kwa vidole vyake, na midundo aliitafuta karibu, katika ngoma za arusi na za sherehe za Waswahili. Katika nyimbo zake shairi hupumua. Kwa kuwa sauti aliitunga mwenyewe baada ya kuyajua maneno, hakuna mahali ambapo silabi imefinywa ili ipite. Nikilazimishwa kuchagua mwalimu kwa kijana atakaye kutunga, nitamchagua Zein. Lakini nitamwambia kijana huyo kwamba sikio la Zein nalo lilikuwa limesafiri, na kwamba ngoma ya jirani pia ni muziki wa kusikilizwa kwa bidii kama ule wa ng'ambo. Watunzi wengi waliojua kila filamu iliyoonyeshwa mjini hawakuwahi kukaa chini kuisikiliza chakacha ya mama zao.

Tanga ilikuwa na masikio yake. Tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikitoa mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, zenye nyimbo nyingi za Kuba, kwa ajili ya soko la Afrika. Zilipofika Kongo zikachochea muziki wa dansi ambao hatimaye ulitufikia sote. Tanga ilikuwa mji wa dansi, mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na vyama vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilipoinuka katika miaka ya 1960 na 1970, vilitia gitaa na gitaa la besi mahali pa kanuni na nai. Shakila Saidi aliimba humo mashairi ya mafumbo yaliyonyooka juu ya mwendo ambao miguu ya mchezaji dansi iliutambua mara moja. Mizani haikupata taabu. Kilichopata taabu ni makamu. Gitaa lenye vigawanyo vya chuma, kama kodiani kabla yake, haliwezi kuzipiga zile sauti zilizo kati ya noti mbili ambazo fidla, udi na kanuni huzipata. Hili ndilo lililowatisha wajumbe wa Cairo mwaka 1932 walipojadili piano, na Tanga lilitokea bila mkutano wowote.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu lina matokeo katika kazi yetu sisi tukusanyao na kuhariri maandishi. Nyimbo za taarabu zimehifadhiwa kwa sehemu kubwa katika madaftari: maneno bila sauti. Mhariri alionapo mshororo wa mizani saba baada ya mishororo ya nane, mkono humwasha kuutengeneza. Huongeza silabi, hurudisha usifuate mahali pa usifwate, huondoa ewe aliyoiona kuwa ni ya bure, na kitabu hutoka kikiwa safi. Wimbo umekufa. Saba ile haikuwa kosa la mtunzi wala la mnakili. Ilikuwa ni alama ya mguu wa sauti fulani iliyosikiwa mahali fulani mwaka fulani, na kwa mwanahistoria alama hiyo ina thamani sawa na tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Kinyume chake, mishororo ya saba saba ikitokea katika daftari lisilo na tarehe, tuna haki ya kuuliza ni filamu ipi iliyokuwa ikionyeshwa.

Kazi ya kuzirudisha sauti kwa maneno yake bado inawezekana, ingawa muda ni mfupi. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana na wote kwa jina la Bi Kidude, alikuwa akiziimba nyimbo za Siti hadi karibu na kufa kwake mwaka 2013, na alizijua kwa sikio. Sahani za mwaka 1928 zipo kwa watu binafsi na katika maktaba za sauti za ng'ambo, nyingine zimekwaruzika hata maneno hayasikiki sawasawa. Huko ndiko madaftari yanapoweza kuzisaidia sahani, kama vile sahani zinavyoweza kuyasaidia madaftari. Filamu zile za Misri na za Uhindi zinapatikana. Kinachotakiwa ni mtu ajuaye mizani akae pamoja na mtu ajuaye makamu na mtu aliyeingia sinema mwaka 1955, wasikilize pamoja, na kila noti ihesabiwe dhidi ya kila silabi. Nimeanza na nyimbo ishirini za Mombasa, na katika saba kati yake sauti ya filamu imekwisha kutambulikana.